Friedrich II (Kaisari)

Friedrich II (kwa Kiitalia: Federico II, Jesi, Italia, 26 Desemba 1194 – Castel Fiorentino, Apulia, 13 Desemba 1250) wa nasaba ya Hohenstaufen alikuwa mfalme wa Sisilia kuanzia mwaka 1198, mfalme wa Ujerumani kuanzia 1212, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma kuanzia 1220 na mfalme wa Yerusalemu kuanzia 1225.

Katika historia ya siasa anakumbukwa hasa kwa ugomvi wake mrefu na Mapapa wa Roma na kwa kuupata mji wa Yerusalemu kwa mkataba bila kupigana vita. Katika historia ya sayansi anakumbukwa kwa kitabu chake juu ya uwindaji kwa kozi, kilichoandikwa kwa Kilatini kwa jina la De arte venandi cum avibus, yaani "Juu ya ufundi wa kuwinda kwa ndege". Kitabu hicho ni kati ya maandiko ya kwanza ya Ulaya ya Zama za Kati yaliyoeleza maisha ya ndege kwa kutegemea yale ambayo mwandishi aliyaona mwenyewe.

Kozi na uwindaji

Kozi ni ndege mbuai wenye mabawa marefu yaliyochongoka, wa jenasi Falco. Hukamata windo lao hasa wakiwa hewani, kwa kuruka kasi au kwa kujitupa kutoka juu. Wanatofautiana na kipanga, ambao wana mabawa mafupi zaidi na huvizia windo lao kati ya miti. Ndege wa makundi yote mawili wametumiwa na binadamu kwa uwindaji.

Zamani kozi hakufugwa kama kuku au njiwa. Alikamatwa akiwa kinda katika kiota, au akiwa amekua na kujua kuwinda mwenyewe, kisha akazoeshwa kukaa juu ya mkono wa mtu uliovikwa glavu ya ngozi. Akirushwa anaweza kwenda zake wakati wowote. Anarudi kwa sababu amejifunza kwamba mkononi kuna chakula na hakuna hatari. Ndiyo maana mazoezi huchukua wiki nyingi, na kosa moja la mwindaji laweza kupoteza kazi yote.

Uwindaji wa namna hii ulianza Asia miaka mingi kabla ya Friedrich. Ulienea kwa Waajemi, Waarabu na Waturuki, na vilevile Ulaya, ambako ulikuwa burudani ya wafalme na makabaila. Kwa Waarabu wa jangwani ulikuwa pia njia ya kupata nyama.

Utoto

Friedrich alikuwa mtoto pekee wa Kaisari Heinrich VI na Constanza, binti wa Roger II, mfalme Mnormani wa Sisilia. Babu yake upande wa baba alikuwa Kaisari Friedrich I Barbarossa. Hivyo alirithi madai juu ya nchi mbili kubwa: Ujerumani na sehemu za Italia ya kaskazini kwa baba, na Sisilia pamoja na Italia ya kusini kwa mama.

Baba yake alifariki mwezi Septemba 1197. Mwezi Mei 1198 mama yake alihakikisha mtoto anatiwa taji la Sisilia mjini Palermo, akiwa na umri wa miaka 3. Mwezi Novemba mwaka huohuo mama naye akafariki, baada ya kumkabidhi mtoto kwa ulinzi wa Papa Inosenti III. Kwa miaka iliyofuata makundi ya makabaila yalishindana kumshika mfalme mdogo na kutawala kwa jina lake.

Palermo ya wakati ule ilikuwa mji wa lugha nyingi. Sisilia ilikuwa imetawaliwa na Wabizanti, kisha na Waarabu kwa zaidi ya karne mbili, na hatimaye na Wanormani. Katika jumba la mfalme walifanya kazi watu waliozungumza Kigiriki, Kiarabu, Kilatini na lugha za kienyeji za Italia. Kukulia katika mazingira hayo kulimfanya Friedrich azoee mapema kupokea elimu kutoka kwa watu wa dini na mataifa mbalimbali. Wafalme Wanormani waliomtangulia walipenda pia uwindaji, na walikuwa na mashamba ya kuwindia kuzunguka mji.

Mfalme na Kaisari

Mwezi Desemba 1208, alipotimiza miaka 14, alihesabiwa mtu mzima. Mwaka 1209 alimwoa Constanza wa Aragon. Mwaka 1212 alivuka milima ya Alpi kwenda Ujerumani, ambako makabaila waliompinga Kaisari Otto IV walimchagua kuwa mfalme. Otto alishindwa na Wafaransa katika mapigano ya Bouvines mwaka 1214, na mwaka 1215 Friedrich alitiwa taji mjini Aachen. Tarehe 22 Novemba 1220 Papa Honorio III alimtia taji la Kaisari mjini Roma.

Baada ya hapo alirudi kusini na kuishi huko sehemu kubwa ya maisha yake. Hakupenda kukaa Palermo bali Apulia, kwenye tambarare zinazozunguka Foggia, ambako kulikuwa na maziwa, vinamasi na ndege wengi wa maji. Huko alijenga majumba na ngome kadhaa, baadhi zikiwa nyumba za kufikia wakati wa uwindaji. Inayojulikana zaidi ni Castel del Monte yenye pembe nane, ambayo tangu mwaka 1996 iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mwaka 1224 alianzisha chuo kikuu cha Napoli, ambacho leo kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1231 alitoa sheria za Melfi, zilizoweka mamlaka mikononi mwa mfalme na watumishi wake badala ya makabaila. Sheria zake ziliagiza pia kwamba waganga wasome na kupimwa kabla ya kutibu watu.

Utawala wake ulikuwa na upande mkali. Waislamu wa Sisilia walipoasi, aliwashinda na kuwahamisha maelfu yao kwa nguvu hadi Lucera katika Apulia. Huko waliruhusiwa kushika dini yao, nao wakampatia askari na mafundi, lakini Uislamu kisiwani Sisilia uliishia hapo. Hata mwanawe wa kwanza, Heinrich, alipomwasi huko Ujerumani, alifungwa na hakuachiwa hadi kufa.

Vita vya msalaba na elimu ya Waarabu

Friedrich alikuwa ameahidi kwenda vita vya msalaba lakini aliahirisha mara kadhaa. Mwaka 1225 alimwoa Isabella wa Brienne, mrithi wa ufalme wa Yerusalemu. Alipoanza safari mwaka 1227 aliugua na kurudi, na Papa Gregori IX akamtenga na Kanisa. Mwaka 1228 aliondoka tena akiwa bado ametengwa.

Sultani al-Kamil wa Misri alikuwa na ugomvi na ndugu zake wa nasaba ya Ayubi na hakutaka vita nyingine. Majadiliano yaliendeshwa upande wa sultani na balozi wake Fakhr al-Din. Tarehe 18 Februari 1229 mkataba ulikamilika: Friedrich alipewa Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti kwa muda wa miaka 10, huku Waislamu wakibaki na eneo la Haram al-Sharif pamoja na misikiti yake. Wakristo wengi waliona aibu kwamba mji umepatikana kwa makubaliano na Waislamu, na Waislamu wengi walimlaumu sultani kwa kuutoa. Lakini hakuna aliyeuawa ili kuupata.

Safari hiyo ilikuwa na matokeo pia kwa ufundi wa kozi. Friedrich aliwaona Waarabu wakimfunika kozi macho kwa kofia ndogo ya ngozi. Huko Ulaya njia ya kawaida ilikuwa kushona kope za ndege kwa uzi ili asione, kisha kuulegeza uzi kidogo kidogo kadiri alivyozoea watu. Kofia ilikuwa rahisi kuvalisha na kuvua, nayo ilimtuliza ndege safarini na kumzuia asijitupe kutoka mkononi kila anapoona windo. Friedrich aliichukua, akaongeza matundu ili ndege apumue vizuri, na kuieneza kati ya wawindaji wa Ulaya. Katika kitabu chake anakiri kwamba kofia ilitoka kwa watu wa Mashariki.

Aliporudi Italia aliendelea kuwaita wataalamu wa kozi kutoka nchi za Waarabu na kwingineko, akiwalipa ili wafundishe wanayoyajua. Mtaalamu wake Theodoro wa Antiokia alimtafsiria kutoka Kiarabu kwenda Kilatini kitabu cha Moamyn juu ya kozi na magonjwa yao. Kaisari mwenyewe alisahihisha tafsiri hiyo alipokuwa akiuzingira mji wa Faenza mwaka 1240 na 1241. Mwanachuoni mwingine wa jumba lake, Michael Scotus, alitafsiri maandiko ya Aristoteli juu ya wanyama.

Zawadi za wanyama ziliendelea pia kati yake na al-Kamil. Alikuwa na tembo aliyetolewa na sultani, na vilevile twiga, mnyama ambaye hakuwahi kuonekana Ulaya Magharibi tangu nyakati za Waroma wa kale. Alipokea pia kasuku mweupe wa aina ya kakatua, ambaye asili yake ni visiwa vya mbali kusini-mashariki mwa Asia. Kasuku huyo amechorwa katika nakala ya kitabu cha kozi, na picha zake ni ushahidi wa jinsi njia za biashara za wakati ule zilivyofika mbali.

Kitabu juu ya kozi

Friedrich alikusanya habari kwa miaka karibu 30 kabla ya kuandika. Alisoma vitabu vya Aristoteli kwa makini na kuvitumia mara nyingi. Hata hivyo aliona kwamba mwanafalsafa huyo hakuwa mwindaji wa kozi, au aliwinda mara chache tu, na kwamba aliandika mengi kwa kusikia kutoka kwa wengine. Pale ambapo maandiko na macho yalipingana, Friedrich alifuata macho. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, maana elimu ya vyuo ilitegemea hasa maneno ya waandishi wa kale.

Mifano ya uchunguzi wake ni mingi:

- Wengi waliamini kwamba tumbusi hupata mzoga kwa kunusa. Friedrich aliwafumba macho tumbusi na kuwawekea nyama karibu. Hawakuitambua, naye akahitimu kwamba hutegemea macho.
- Alisikia kwamba mayai ya mbuni huanguliwa kwa joto la jua. Akaagiza mayai na wataalamu kutoka Misri ili wajaribu jambo hilo katika Apulia.
- Watu wa kaskazini walisimulia kwamba aina fulani ya bata bukini huzaliwa kutoka kwenye mbao zinazooza baharini. Aliagiza mbao hizo, akakuta juu yake viumbe wa baharini wenye magamba, wasio na umbo lolote la ndege. Akaona kwamba hadithi imezuka kwa sababu bata hao hutaga mbali mno, mahali ambapo watu hawajafika.
- Aliletewa kiota chenye kinda mmoja asiyefanana na wenzake, mwenye kinywa kipana. Akaagiza atunzwe, na alipokua ilionekana kwamba ni kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine.
- Kuhusu makundi ya korongo wanaosafiri kwa safu, alikataa maelezo kwamba ndege mmoja huongoza safari yote, akieleza kwamba uongozi hubadilishwa njiani.

Kitabu kina sehemu sita. Ya kwanza inaeleza ndege kwa jumla: chakula chao, viota, safari za majira, mifupa na viungo, manyoya na namna ya kuruka. Ya pili inahusu aina za kozi, jinsi ya kuwapata na hatua za kwanza za kuwazoesha. Ya tatu inafundisha kumrudisha kozi kwa chambo, yaani mabawa ya ndege yaliyofungwa pamoja na kuzungushwa hewani. Tatu za mwisho zinaeleza uwindaji wenyewe: wa korongo kwa kozi wakubwa wa nchi za kaskazini, wa kulastara kwa aina inayojulikana kwa jina la Kiarabu saqr, na wa ndege wa maji kwa kozi wa kawaida wanaohamahama.

Maelezo ya mazoezi yanaonyesha uvumilivu mwingi. Kozi mpya hubebwa mkononi katika chumba chenye giza, akilishwa kidogo kidogo huku mwindaji akitoa sauti ileile kila mara, ili ndege aunganishe sauti hiyo na chakula. Baadaye hutolewa nje alfajiri wakati kumetulia, halafu mahali penye watu, farasi na mbwa. Anafundishwa kuruka kwanza akiwa amefungwa kamba ndefu, na mwisho bila kamba. Jike ndiye anayependelewa, kwa kuwa kati ya kozi jike ni mkubwa na mwenye nguvu kuliko dume.

Friedrich alieleza pia sifa za mwindaji. Awe na macho makali na masikio mazuri, kumbukumbu nzuri, na ujuzi wa kuogelea ili aweze kumfuata ndege wake ng'ambo ya maji. Asiwe mlevi, mvivu wala mwenye hasira, maana kozi akitendewa kwa ukali mara moja hasahau. Tena asitafute hasa nyama wala sifa, bali awe na ndege wazuri waliofunzwa vema. Kwa sababu hiyo aliuweka uwindaji huu juu ya ule wa mbwa, mitego na nyavu: wanyama wa miguu minne hutiishwa kwa nguvu, lakini ndege wa angani hutiishwa kwa akili tu.

Rejista ya ofisi yake iliyobaki kutoka miaka ya 1239 na 1240 inathibitisha kwamba haya hayakuwa maneno matupu. Katikati ya maagizo ya vita na kodi zimo barua nyingi kuhusu kozi: nani awatunze, wapelekwe wapi, wawindaji walipweje, na ndege fulani ana hali gani.

Ugomvi na Papa na maafa ya Parma

Tatizo kuu la siasa yake lilikuwa kwamba nchi zake zilizunguka maeneo ya Papa kaskazini na kusini. Miji ya Lombardia, iliyotaka kujitawala, iliungana na Papa dhidi yake. Tarehe 27 Novemba 1237 Friedrich aliishinda miji hiyo huko Cortenuova, na tembo wake alivuta gari la bendera la Milano lililotekwa kupitia mji wa Cremona. Lakini hakuweza kuwamaliza wapinzani wake. Mwaka 1239 Gregori IX alimtenga tena na Kanisa, na mwaka 1245 Papa Inosenti IV, katika mtaguso wa Lyon, alitangaza kwamba amevuliwa utawala.

Mwaka 1247 mji wa Parma ulijiunga na upande wa Papa. Friedrich aliuzingira, na mbele ya kuta zake akajenga mji wa kambi wa mbao alioupa jina la Victoria, yaani Ushindi. Aliweka humo hazina, taji, watumishi na ndege wake, akingoja njaa iwashinde watu wa Parma.

Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1248 Kaisari alitoka kwenda kuwinda kwa kozi katika vinamasi vya karibu, pamoja na sehemu ya wapanda farasi wake. Watu wa Parma waliona nafasi. Walitoka ghafla, wakaivamia kambi na kuichoma moto. Watu wengi waliuawa, akiwemo hakimu mkuu Taddeo wa Sessa, aliyekuwa mmoja wa washauri wake wa karibu. Hazina na taji vilitekwa. Friedrich alifika amechelewa, akalazimika kukimbilia Cremona.

Kati ya vitu vilivyopotea siku hiyo kilikuwemo kitabu cha kozi, nakala ya thamani ya Kaisari mwenyewe yenye picha nyingi. Miaka 16 au 17 baadaye mtu mmoja wa Milano, Guglielmo Bottatio, alimwandikia Charles wa Anjou akijitolea kumpatia kitabu hicho, huku akikisifu kwa uzuri wake. Baada ya hapo nakala hiyo haikuonekana tena. Hivyo uwindaji aliouandikia kitabu kwa miaka mingi ndio uliomfanya akipoteze, pamoja na kambi yake na jina la kutoshindwa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1249 ulileta hasara zaidi. Pier della Vigna, mwandishi na mshauri wake mkuu, alishtakiwa kwa uhaini, akapofushwa na kufa. Mwezi Mei mwanawe Enzio alitekwa na watu wa Bologna katika mapigano ya Fossalta, naye alibaki mfungwa wao hadi kifo chake mwaka 1272.

Friedrich alifariki kwa ugonjwa huko Castel Fiorentino katika Apulia tarehe 13 Desemba 1250, siku chache kabla ya kutimiza miaka 56. Alizikwa katika kanisa kuu la Palermo, ndani ya jeneza la jiwe jekundu ambalo lipo hadi leo.

Nasaba yake haikudumu. Mwanawe Konrad IV alifariki mwaka 1254. Mwana mwingine, Manfred, alitawala Sisilia hadi alipouawa katika mapigano ya Benevento mwaka 1266 dhidi ya jeshi la Charles wa Anjou. Mjukuu wake Konradin alikatwa kichwa mjini Napoli mwaka 1268.

Urithi wa kitabu

Kitabu cha kozi kiliokolewa hasa na Manfred, ambaye naye alipenda uwindaji huo. Alikusanya maandishi ya baba yake yaliyobaki, akayapanga, na kuongeza maelezo yake akiyatia alama ili msomaji ayatofautishe na ya baba. Nakala iliyotokana na kazi hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Vatikano. Ina sehemu mbili za kwanza tu, lakini pembeni mwa kurasa zake kuna picha zaidi ya 900 za ndege wa aina nyingi, wengi wakitambulika kwa urahisi. Nakala nyingine zisizo na picha, mojawapo ikiwa Bologna, zina sehemu zote sita.

Chapa ya kwanza ilitolewa Augsburg mwaka 1596. Kwa muda mrefu kitabu kilisomwa na wawindaji kuliko wanasayansi, hadi wataalamu wa ndege walipotambua thamani ya uchunguzi wake. Uwindaji wenyewe ulipungua Ulaya baada ya bunduki kuenea, lakini haukwisha. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kufikia mwaka 2021 nchi 24 za Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini zilikuwa zimeorodheshwa pamoja. Katika nchi za Ghuba ya Uajemi bado ni sehemu ya maisha ya watu wengi.

Safari za ndege na Afrika ya Mashariki

Friedrich aliandika kwa kirefu juu ya ndege wanaohama kila mwaka. Alieleza kwamba huondoka kwa sababu ya baridi na uhaba wa chakula, kwamba huchagua siku zenye upepo unaofaa, na kwamba huelekea nchi za joto. Mwisho wa safari hizo hakuweza kuuona.

Leo inajulikana kwamba nyingi kati ya njia hizo hufika Afrika ya Mashariki au kupita juu yake. Kozi wa Eleonora, ambaye huzaa kwenye visiwa vya miamba vya Mediteranea, vikiwemo vile vilivyo karibu na Sisilia, husafiri kila mwaka hadi Madagaska na kurudi. Jina lake linatokana na Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 aliyelinda viota vya kozi kwa sheria. Kozi mwingine wa kijivu, anayezaa kwenye visiwa na majangwa ya Bahari ya Shamu na ya Omani, hupitia Afrika ya Mashariki akielekea Madagaska na Msumbiji. Njiani kozi hawa hufuata mvua na kula kumbikumbi wakiwa hewani.

Ndege wa maji wa kaskazini nao hufika kwenye fukwe na matope ya pwani, kuanzia Kenya hadi Mtwara. Mojawapo ya vituo vyao ni mdomo wa mto Ruvuma, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Huko huonekana kwa wingi katika miezi ambayo Ulaya na Asia ya kaskazini ziko katika majira ya baridi, wakila wadudu na kaa wadogo maji yanapokupwa, kisha huondoka kurudi kuzaa. Nchi za joto ambazo Kaisari alizijua kwa kukisia tu kutoka vinamasi vya Apulia zilikuwa, kwa sehemu yake, pwani hii.